Makoleo ya meno yahesabiwe

Nataka kutoa maoni yangu juu ya jambo ambalo wananchi wengi hapa Songea, na bila shaka kwingineko nchini, hulipita bila kulitazama. Jambo lenyewe ni usalama wa vifaa vinavyotumika katika vyumba vya kutibia meno: makoleo ya kung'olea, vioo vidogo vya kutazamia, vyuma vya kuchokolea, sindano za ganzi na mashine za kuchimbia meno.

Mtu anayeumwa jino haulizi mengi. Amekesha akishika shavu, amesukutua kwa maji ya chumvi, ametafuna karafuu, na asubuhi anafika hospitali akiwa na ombi moja tu: jino litoke. Anachoogopa ni sindano na maumivu. Haogopi koleo lililokuwa katika kinywa cha mwenzake nusu saa iliyopita, kwa sababu koleo hilo limeoshwa, linang'aa, na macho hayaoni kitu. Mimi nataka kusema juu ya koleo hilo linalong'aa.

Ndugu Mhariri, kung'oa jino ni upasuaji. Ni upasuaji mdogo, hauhitaji kulazwa, lakini nyama inachanika, damu inatoka na mfupa unabaki wazi. Chombo kilichoingia katika damu ya mtu mmoja kikaingia katika damu ya mwingine kinaweza kubeba virusi vya homa ya ini aina ya B na C, virusi vya UKIMWI, na bakteria wa kila namna. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kukaa hai juu ya kitu kikavu, nje ya mwili wa binadamu, kwa siku saba au zaidi. Yaani tone la damu lililokauka Jumatatu kwenye maungio ya koleo laweza kuwa bado lina sumu yake Jumapili.

Wataalamu wanatueleza kwamba wakichomwa watu 100 wasiochanjwa kwa sindano yenye damu ya mgonjwa wa homa ya ini aina ya B, watakaoambukizwa ni kati ya 6 na 30. Kwa aina ya C ni kama wawili katika 100, na kwa virusi vya UKIMWI ni kama watatu katika 1,000. Tangu UKIMWI ulipogunduliwa hapa nchini, mkoani Kagera mwaka 1983, tumejifunza kuuogopa, na ni vema. Lakini hesabu hizo zinaonyesha kwamba ndani ya chumba cha meno adui aliye mwepesi zaidi kuruka kutoka mtu hadi mtu ni homa ya ini, ambayo wengi wetu hatuifikirii kabisa. Watoto wa Tanzania walianza kupewa chanjo yake katika ratiba ya kawaida mwaka 2002. Sisi tuliozaliwa kabla ya hapo, tusipokuwa tumechanjwa ukubwani, hatuna ngao hiyo.

Sasa tuulizane: chombo safi ni kipi? Hapa ndipo penye makosa mengi, na makosa hayo hayatokani na ubaya wa mtu bali na mazoea.

Zoea la kwanza ni kuchemsha. Mama zetu walichemsha maji ya kunywa na wakatulea salama, kwa hiyo tunaamini kwamba kila kilichochemka kimekufa. Kuchemsha kunaua vijidudu vingi, lakini hakuui vyote. Wako bakteria wanaojifunga ndani ya ganda gumu liitwalo spora, na spora hizo, miongoni mwake za pepopunda, huweza kuvumilia maji yanayochemka. Tena hapa kwetu kuna jambo la ziada. Mji wa Songea uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na kadiri mtu anavyopanda juu ndivyo maji yanavyochemka kwa joto dogo zaidi. Maji yanayochemka Dar es Salaam kwa nyuzi 100 za Sentigredi, hapa yanachemka kwa nyuzi 96 hivi. Sufuria itatokota, mvuke utapanda, kifuniko kitacheza, lakini joto halitapita hapo hata ukiongeza kuni za msitu mzima wa Matogoro.

Zoea la pili ni ndoo ya jiki. Kwa miaka mingi wahudumu wetu walifundishwa kuloweka vyombo katika maji yenye klorini asilimia 0.5 kwa dakika 10 kabla ya kuviosha, ili anayeviosha asidhurike. Hilo lilikuwa hatua ya kwanza tu ya safari ndefu, lakini katika baadhi ya vyumba hatua ya kwanza ikageuka kuwa ya mwisho: koleo linatumbukizwa, linatolewa, linasuuzwa, linapanguswa, mgonjwa mwingine anaitwa. Aidha, katika mwongozo wake wa mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba kuloweka vyombo katika klorini kabla ya kuviosha hakupendekezwi, kwa kuwa klorini inakula chuma, na damu ikiwa nyingi inaimaliza nguvu dawa yenyewe.

Sisi watu wa Songea tunayo historia ya kutukumbusha jambo hili. Babu zetu waliopigana vita vya Majimaji kati ya mwaka 1905 na 1907 walikuwa mashujaa, na kila mwezi Februari tunawakumbuka walionyongwa hapa mjini mwaka 1906. Ushujaa wao hauna doa. Lakini yale maji waliyopewa hayakuzuia risasi ya Mjerumani. Na leo maji ya jiki, hata tukiyaamini namna gani, peke yake hayazuii virusi kupita kutoka kinywa hadi kinywa.

Njia iliyo sahihi inajulikana na wala si siri. Kwanza chombo kinasuguliwa kwa brashi, maji na sabuni, hasa kwenye maungio na meno ya koleo, kwa sababu damu iliyoganda ni kama blanketi linalowafunika vijidudu; mvuke haupenyi uchafu. Pili kinakaguliwa na kukaushwa. Tatu kinafungwa katika pakiti au kitambaa maalumu. Nne kinaingizwa katika mashine ya mvuke yenye presha, ambayo wahudumu huiita otoklevu. Mashine hiyo ilibuniwa na Mfaransa Charles Chamberland, mwenzake Louis Pasteur, mwaka 1879, na mpaka leo hakuna kilichoipita kwa kazi za kila siku. Ndani yake mvuke unabanwa hadi kufika nyuzi 121, ambapo vyombo vilivyofungwa hukaa dakika 30. Au nyuzi 134 kwa dakika chache zaidi ya tatu katika mashine zinazofyonza hewa kwanza. Mwenye tanuri la joto kavu anahitaji nyuzi 160 kwa saa mbili, au nyuzi 170 kwa saa moja. Tano chombo kinaachwa kikauke ndani ya pakiti yake, kinawekwa kabatini, na pakiti hiyo haifunguliwi mpaka mgonjwa amekaa kitini.

Ukiruka hatua moja umeharibu zote. Hilo mhudumu yeyote aliyepita chuoni analijua. Kwa nini basi zinarukwa?

Jibu nililipata mwaka juzi nilipomsindikiza shangazi yangu kung'oa gego. Mahali penyewe sitapataja, maana nia yangu si kumchongea mtu. Tulikuta benchi limejaa, na wengine wameketi chini ya mwembe. Zamu ya shangazi ilipofika niliona koleo likitolewa katika beseni la maji ya dawa, likitikiswa, likifutwa kwa pamba. Nikamwuliza yule kijana kwa upole, "Daktari, hili limepita kwenye mashine?" Hakukasirika. Alinitazama kwa uchovu akasema, "Mzee, mashine tunayo na ni nzima. Asubuhi yote yalipita. Lakini makoleo ya magego ya chini ni manne, na nyinyi mko thelathini." Tulimwomba atupangie siku nyingine, wa kwanza kabisa asubuhi, naye akakubali kwa heshima. Shangazi alirudi nyumbani na maumivu yake, akavumilia siku mbili.

Maneno ya kijana yule nimeyafikiri sana. Nimefanya hesabu, na nawaomba wasomaji waifanye pamoja nami. Kusugua, kusuuza na kukausha ni kama dakika 20. Kufunga na kupanga ni dakika 10. Mashine ipate moto, ikae dakika zake 30, ishushe presha, vyombo vikauke na kupoa: weka saa moja. Mzunguko mzima ni saa moja na nusu, ikiwa umeme haukukatika na maji hayakukatika. Kazi ikianza saa mbili asubuhi na kumalizika saa nane mchana, kuna mizunguko minne tu. Makoleo manne mara minne ni wagonjwa 16. Wakija 30, hao 14 waliobaki watang'olewa kwa koleo gani?

Wasomaji wataona kwamba kijana yule hata angekuwa malaika asingeweza kuishinda hesabu hiyo. Ana njia tatu tu. Awafukuze wagonjwa 14 wenye maumivu, wengine wametoka Namtumbo au Mbinga kwa nauli ya kukopa. Au achape kazi hadi usiku. Au atumie beseni. Na kila siku inayopita njia ya beseni inakuwa nyepesi zaidi, mpaka inakuwa ndiyo kawaida ya chumba.

Tazama sasa upande wa pili. Kituo hichohicho kikiwa na makoleo 30 ya aina hiyo badala ya manne, mashine ileile moja inatosha. Vyombo vya leo vinasuguliwa na kupikwa alasiri kwa mikupuo miwili au mitatu, na kesho asubuhi kabati limejaa pakiti. Hakuna haja ya kununua mashine ya pili wala kuajiri mtu wa pili. Panahitajika vyuma, ambavyo vikitunzwa vizuri vinadumu miaka mingi. Kwa hiyo nasema: tunaponunua mashine kubwa, tukaizindua kwa kukata utepe, tukapiga picha, tumefanya nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kuhesabu makoleo.

Mtu asije akadhani kwamba tatizo hili ni la umaskini wetu peke yake. Mwaka 2013 katika mji wa Tulsa, jimbo la Oklahoma nchini Marekani, wakaguzi waliingia katika kliniki ya meno baada ya mgonjwa mmoja kukutwa na homa ya ini aina ya C. Walikuta vyombo vyenye kutu, na mashine ya kuulia vijidudu ambayo kwa miaka sita haikuwa imepimwa kama inafanya kazi yake, ingawa ilitakiwa kupimwa kila mwezi. Watu wapatao 7,000 waliowahi kutibiwa pale walishauriwa wakapimwe damu. Baadaye uchunguzi wa vinasaba ulithibitisha kwamba mgonjwa mmoja aliambukizwa homa ya ini aina ya C kutoka kwa mgonjwa mwingine ndani ya kliniki ile, na lilikuwa tukio la kwanza la namna hiyo kuthibitishwa katika huduma za meno nchini Marekani. Pale fedha hazikukosekana. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza.

Funzo la Tulsa ni kwamba mashine kuwaka taa si ushahidi. Mashine inaweza kunguruma na kutoa mvuke huku joto lake haliwafikii vijidudu, kwa sababu mpira wa mlango umechakaa, au hewa haikutoka, au vyombo vimeshindiliwa kama magunia ya mahindi kwenye lori. Ndiyo maana kuna utepe unaobadilika rangi ukipata joto, ambao unabandikwa juu ya kila pakiti. Na kwa kuwa utepe unaonyesha joto tu wala hauonyeshi kifo cha vijidudu, kuna pia kichupa chenye spora hai kinachoingizwa ndani pamoja na vyombo, kisha kinaangaliwa kama zimekufa. Kipimo hicho kinapendekezwa angalau mara moja kwa wiki. Je, ni vituo vingapi vya meno katika mkoa wetu vinavyoweza kutuonyesha daftari la vipimo hivyo? Siulizi kwa kejeli, nauliza kama mwananchi anayetaka kujua.

Nikija kwenye mashine ya kuchimbia jino, hapo nataka niwaeleze wasomaji kitu ambacho wengi hawakijui. Kichwa cha mashine ile kinazunguka kwa kasi kubwa huku kikimwaga maji, na kinapozimwa huweza kufyonza mate na damu kikaziingiza ndani ya mirija yake. Kukipangusa nje kwa spiriti hakusaidii kilichoingia ndani. Mwaka 2003 kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani kiliweka wazi kwamba vichwa hivyo vipikwe kwa joto baada ya kila mgonjwa, na maji yaachwe yapite katika mirija kwa sekunde 20 hadi 30 kati ya mgonjwa na mgonjwa. Hesabu ya makoleo basi ndiyo pia hesabu ya vichwa vya mashine: kituo chenye kichwa kimoja tu hakiwezi kuziba meno ya watu kumi kwa siku kwa usalama.

Wapo watakaosema kwamba nadai mambo ya mijini, na kwamba zahanati ya kijijini haiwezi. Nawajibu kwa hoja mbili. Ya kwanza ni ya umeme. Mpaka mwaka 2018 mji wetu ulitegemea majenereta ya dizeli, na kila mtu alikuwa na kisingizio. Mwaka ule Songea iliunganishwa na gridi ya taifa kwa njia ya msongo wa kilovolti 220 kutoka Makambako, na Rais John Magufuli akaja kuizindua mwezi Aprili 2019. Umeme bado unakatika, lakini hatuwezi tena kusema kwamba hatuna.

Hoja ya pili ni kwamba Tanzania ndiyo iliyoifundisha dunia namna ya kutibu meno pasipo na umeme. Wataalamu wa meno walianza kufunzwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Muhimbili, mwaka 1979. Katikati ya miaka ya 1980, chini ya chuo hicho, ilibuniwa njia ya kuziba meno kwa vyuma vya mkono tu, bila mashine ya kuchimbia, kwa kukwangua sehemu iliyooza na kujaza saruji maalumu inayoshika jino. Shirika la Afya Duniani liliipigia debe njia hiyo duniani kote mwaka 1994. Vyuma vyake ni vichache, havina mirija ya kuficha damu, na vinaweza kupikwa katika sufuria la presha juu ya jiko la mkaa. Mafundisho yake yanataka vipikwe kwa presha kamili kwa muda usiopungua dakika 15. Mimi ningeongeza kwamba kwenye miinuko kama ya kwetu, au ya Umatengo iliyo juu zaidi, sufuria hilohilo hupungukiwa joto kwa nyuzi kadhaa, kwa hiyo dakika zisipunguzwe hata kidogo, bali ziongezwe. Jambo lililozaliwa katika nchi yetu lisitushinde sisi wenyewe.

Wengine watasema kwamba maneno kama haya yatawatia watu hofu, wakimbie hospitali. Hoja hii ni nzito na sitaidharau. Mtu akikimbia chumba cha meno atakwenda kwa nani? Atakwenda kwa mng'oa meno wa mitaani mwenye koleo moja la gereji. Tunajua pia kwamba zipo familia zinazowapeleka watoto wachanga kung'olewa yale yaitwayo meno ya plastiki, ambayo kwa kweli ni machipukizi ya kawaida ya meno ya mtoto, yakisingiziwa homa na kuharisha. Kazi hiyo hufanywa kwa kisu, msumari au spoku ya baiskeli, na mtoto huweza kupata pepopunda au kutokwa damu hadi kufa. Kwa hiyo nasisitiza: chumba cha meno cha serikali, cha misheni au cha mtu binafsi aliyesajiliwa ndiko mahali pa kwenda. Hapa mkoani tunayo hospitali ya rufaa ya mkoa, na tunayo Peramiho ya misheni, umbali wa kilometa 24 hivi kutoka mjini. Lakini imani ya watu haijengwi kwa kuficha, hujengwa kwa kuonyesha. Mgonjwa aliyefunguliwa pakiti mbele ya macho yake atarudi, na atamleta jirani yake.

Vilevile tusiwasahau wahudumu wenyewe. Wao ndio wanaochomwa na sindano za ganzi, na yule anayeosha vyombo, ambaye mara nyingi ndiye mwenye mshahara mdogo kuliko wote, ndiye anayeshika makoleo yenye damu kwa glovu nyepesi zinazochanika. Huyo anastahili glovu nene za jikoni, miwani, aproni ya plastiki, brashi ya mpini mrefu, na chanjo ya homa ya ini kwa dozi zake tatu. Anayetukinga naye akingwe.

Baada ya kusema hayo, natoa mapendekezo yafuatayo.

Kwanza, Mganga Mkuu wa Mkoa pamoja na mratibu wa huduma za kinywa na meno wapite katika kila kituo cha meno cha mkoa wa Ruvuma, kuanzia Songea hadi Tunduru na Mbamba Bay, wakaandike mambo mawili tu: makoleo ni mangapi kwa kila aina, na wagonjwa wanaong'olewa meno kwa siku ni wangapi. Hesabu hizo mbili zibandikwe mlangoni. Zikipishana, kila mtu ataona.

Pili, katika bajeti za halmashauri na maagizo yanayopelekwa Bohari ya Dawa, vyuma vya meno vipewe fungu lake, pamoja na utepe wa kupimia joto na vichupa vya spora. Vitu hivi vidogo ndivyo vinavyosahaulika kila mwaka.

Tatu, kila chumba kiwe na daftari la mashine: tarehe, mzunguko wa ngapi, joto, dakika, kipande cha utepe kilichobandikwa na sahihi ya aliyepika. Kamati ya afya ya kituo, ambayo ni ya wananchi wenyewe, ilikague daftari hilo. Kusoma tarehe na kutazama rangi ya utepe hakuhitaji shahada.

Nne, kliniki za watu binafsi zisiachwe nyuma. Mwaka 1977 sheria ilipiga marufuku matibabu ya kibinafsi ya kujipatia faida. Mwaka 1991 yakaruhusiwa tena, na leo vibao vya meno tunaviona katika miji yetu. Kibao kizuri na viti laini si ushahidi wa usafi. Wakague hao kama wanavyokaguliwa wa serikali, bila kupiga simu ya kuwaonya siku moja kabla.

Tano, sisi wananchi tujifunze kuuliza bila ugomvi. Maswali ni matatu: pakiti hii yaweza kufunguliwa mbele yangu? Sindano na kichupa cha ganzi ni vipya, au kuna masalio ya mwingine? Glovu umebadilisha? Mhudumu mwema hataona kwamba ametukanwa. Mnunuzi wa mahindi sokoni hutia mkono ndani ya gunia akatazama kama yamebunguliwa, na muuzaji hakasiriki. Iweje kwa damu ya mtu tuone haya?

Lakini nawaomba wananchi wenzangu pia wawe na subira. Tukimwambia daktari atumie vyombo vilivyopikwa tu, basi tukubali kupangiwa siku. Mwenye jipu au uvimbe unaomzuia kumeza atangulizwe, mwenye jino linalouma kidogo angoje zamu yake. Hatuwezi kudai usalama na papo hapo tukagonga mlango tukipiga kelele kwamba foleni haiendi.

Ndugu Mhariri, kijana mwenye makoleo manne hakuhitaji semina wala karipio. Alihitaji makoleo mengine 26. Nchi inayojenga hospitali za ghorofa haiwezi kushindwa na vyuma vinavyoenea katika sanduku moja. Wahusika wahesabu, waandike, waagize. Na sisi tutakaofungua vinywa tuulize.



Mzee wa Lizaboni,
Songea.